Daraja la Nyasi Lililokatika: Kisa cha Q'eswachaka, Peru, 2020 hadi 2021

Mwezi Machi 2021, daraja la kamba za nyasi la Q'eswachaka, lililokuwa likining'inia juu ya mto Apurímac katika wilaya ya Quehue, jimbo la Canas, mkoa wa Cusco nchini Peru, lilikatika na kuangukia mtoni. Sababu iliyotajwa ilikuwa kukosa matengenezo, kwani mwezi Juni wa mwaka uliotangulia jamii zinazolifuma upya kila mwaka hazikulifuma. Habari hiyo ilisambaa kwa sauti ya msiba: daraja la mwisho la kamba kutoka zama za Wainka, watawala wa milima ya Andes kabla ya Wahispania, linaloaminika kuwa na historia ya zaidi ya miaka 500, limepotea. Miezi mitatu baadaye, Juni 2021, daraja lilikuwa limekwisha kufumwa na watu walikuwa wakivuka juu yake.

Nimekichagua kisa hiki kwa sababu kinafichua jambo ambalo mwaka wa kawaida huwa limejificha. Wageni wengi wanaofika Q'eswachaka hudhani wanatazama kitu cha kale, ilhali hakuna unyasi hata mmoja katika daraja hilo ambao kwa kawaida hufikisha miaka miwili. Chenye umri mrefu pale ni wajibu wa kaya kuleta kamba yake kila Juni, na wajibu huo ndio uliowekwa kwenye mizani pale daraja lilipokatika. Ninachotaka kuonyesha ni kwamba wajibu huo haujitegemei. Umeshikamana na namna watu hao wanavyolima viazi, wanavyotafuna majani ya mmea wa koka na wanavyozungumza na milima yao, na kwa sababu hiyo uliweza kurukwa msimu mmoja bila ya kufa.

Mahali na watu wake

Jamii nne za wakulima wazungumzao Kiquechua ndizo zinazolimiliki daraja: Huinchiri, Chaupibanda, Choccayhua na Ccollana Quehue. Zinaishi kwenye pande mbili za korongo, katika kimo cha takriban mita 3,700 juu ya usawa wa bahari, mahali ambapo miti ni michache, baridi ya usiku huua mazao, na chakula cha kutegemewa ni viazi, shayiri na mifugo. Daraja lenyewe lina urefu wa karibu mita 28 na upana wa mita 1.2 hivi. Karibu yake lipo daraja la kisasa ambalo magari hupita, hivyo mtu anayetaka tu kufika ng'ambo hana haja ya kukanyaga nyasi.

Msomaji ataanza kuuliza hapo hapo: kama ng'ambo inafikika kwa gari, kamba za nini? Swali hilo ni la haki, nalo ndilo litakalotuongoza mpaka mwisho, lakini kwanza inafaa kueleza kwa ufupi daraja la namna hii lilitoka wapi. Dola ya Wainka iliunganishwa na mtandao wa barabara wenye urefu wa takriban kilomita 30,000, uitwao Qhapaq Ñan, ambao mwaka 2014 uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia kwa ombi la pamoja la nchi sita: Argentina, Bolivia, Chile, Ekuado, Kolombia na Peru. Barabara hizo zilipitwa na watu kwa miguu na misafara ya llama, mnyama wa mizigo wa huko, bila ya farasi wala magari ya magurudumu. Pale ambapo barabara ilikutana na korongo, daraja jepesi linaloyumba lilitosha kabisa, na malighafi yake ilikuwa ikiota kando ya njia. Vijiji vilivyo jirani na daraja vilibebeshwa wajibu wa kulitunza kama sehemu ya mit'a, yaani zamu ya kazi ambayo kila kaya ilidaiwa na dola.

Wahispania walipoiteka dola hiyo katika miaka ya 1530 hawakuifuta mit'a. Waliigeuza kuwa kazi ya shuruti katika migodi, hasa ya fedha kule Potosí na ya zebaki kule Huancavelica, ambako watu wengi waliangamia. Nalitaja hili kwa sababu mara nyingi mila ya kufanya kazi pamoja husimuliwa kana kwamba haijawahi kuwa na upande wa giza. Wanajamii wa Canas walirithi desturi ambayo watawala wawili tofauti waliwahi kuitumia kwa manufaa yao. Leo dola ya Wainka haipo, wala mfalme wa Uhispania, lakini daraja bado hufumwa. Kwa hiyo hatuwezi kuridhika na jibu kwamba watu hufuma kwa kuwa waliamriwa.

Deni la kazi

Jibu la karibu zaidi linapatikana katika maisha ya kila siku. Kwenye milima ya Andes kazi kubwa haifanywi na kaya moja peke yake. Kuna ayni, ambayo ni kukopeshana kazi: leo mnakuja kunisaidia kulima, kesho kutwa zamu yako ikifika nami nakuja, siku kwa siku na kazi kwa kazi. Kuna mink'a, ambapo mwenye shughuli huwaita watu na kuwalipa kwa chakula, koka na chicha, ile pombe ya mahindi. Tena kuna faena, msaragambo wa jamii nzima kwa ajili ya mfereji, barabara au shule, ambao huamuliwa na mkutano wa wanajamii, na katika jamii nyingi asiyefika hutozwa faini.

Uzito wa jambo hili unaonekana shambani. Viazi hulimwa kwa chakitaqlla, jembe refu la kukanyagia kwa mguu. Wanaume wawili husimama sambamba, hukita majembe yao kwa pamoja na kuinua donge kubwa la udongo lenye nyasi, na mtu wa tatu, mara nyingi mwanamke, hulishika donge hilo kwa mikono na kuligeuza juu chini. Mtu mmoja mwenye jembe moja hawezi kuifanya kazi hiyo ipasavyo. Kaya isiyo na watu wa kuidai kazi, yaani kaya ambayo haikuwahi kwenda kwa wenzake, hubaki na shamba lisilolimwa. Katika mazingira hayo hesabu ya nani alifika na nani hakufika huhifadhiwa vichwani kwa makini kuliko hesabu ya fedha, na mtu hujulikana kuwa ni wa jamii kwa kuonekana kwake kazini.

Kubadilishana huku hakuishii kwa binadamu. Kabla ya kutafuna koka, mtu huchagua majani matatu mazima, huyapanga vizuri kati ya vidole, huyapulizia pumzi kuelekea mlimani na kuyataja majina ya milima, ndipo huyatia kinywani. Kabla ya kunywa chicha humwaga kidogo chini kwa ajili ya Pachamama, ardhi iliyo mama. Milima mikubwa, inayoitwa Apu, huhesabiwa kuwa na uwezo wa kuleta mvua au kuizuia, kulinda mifugo au kuiacha iangamie, nayo hupewa kilicho haki yake kama anavyopewa jirani. Wengi wa watu hawa ni Wakatoliki na huadhimisha sikukuu za watakatifu wao bila ya kuona mgongano wowote. Mwangalizi wa nje akiigawa hali hii katika mafungu mawili, la dini na la uchumi, atakuwa ameleta mgawanyiko ambao wenyewe hawauishi.

Kamba

Kazi ya daraja huanzia nyumbani, na sehemu hii ndiyo ambayo kamera huikosa. Nyasi inayotumika huitwa q'oya, ni ndefu na ngumu, nayo hukatwa ikiwa imekomaa. Hukaushwa, hupondwa kwa mawe ili ilainike, kisha hulowekwa. Msokotaji huchukua konzi ya nyasi mbichi kwa maji, huigawa mafungu mawili na kuyaviringisha kati ya viganja, akiongeza nyasi mpya kabla zile za mwanzo hazijaisha, ili pasiwe na mahali ambapo miisho yote inakutana. Mafungu hayo mawili yanapozungukana kwa mwelekeo ulio kinyume na ule wa kila moja, yanajifunga yenyewe, na kadiri kamba inavyovutwa ndivyo inavyozidi kukaza. Aliyewahi kuwaona wanawake wa Unguja wakisokota kamba za makumbi baada ya kuyafukua baharini na kuyaponda ataitambua kazi hiyo mara moja, tofauti ikiwa ni malighafi na baridi.

Kamba hiyo nyembamba, q'eswa, ina urefu wa karibu mita 70, na kila kaya hutakiwa kuifikisha darajani. Siku ya kwanza ya ufumaji kamba hizi hupokelewa na kuhesabiwa. Si rahisi kukwepa: kamba haina maelezo wala udhuru, ama ipo ama haipo. Mtu anaweza kufika mikono mitupu na kujifanya anashughulika katikati ya umati wa mamia ya watu, lakini hawezi kujifanya ameleta mita 70 za kamba. Kwa maoni yangu hapa ndipo ulipo moyo wa desturi nzima, kwa maana wajibu unapimwa kwa kitu kinachoonekana, kinachoshikika, na ambacho ubora wake majirani wote wanaweza kuukagua, kwa sababu maisha yao yataning'inia juu yake.

Siku tatu

Kazi hufanyika mwezi Juni, na majira hayo hayakuchaguliwa ovyo. Mvua zimekwisha, maji ya mto yamepungua, mavuno yanaelekea ukingoni na nyasi zimekomaa. Ni majira yale yale ambayo viazi hutandazwa nje usiku ili vigande kwa baridi kali, asubuhi hukanyagwa kwa miguu mitupu ili vitoke maji, kisha hukaushwa juani na kuwa chuño, chakula kinachoweza kuwekwa kwa miaka. Watu wana nafasi, lakini hawako bure.

Alfajiri ya siku ya kwanza mganga wa jadi, pampamisayoq, huandaa sadaka kwa Apu Quinsallallawi na kwa Pachamama: majani ya koka, mahindi, mafuta ya llama na vitu vingine vinavyopangwa kwa utaratibu na kuteketezwa kwa moto. Hakuna anayeshika kamba kabla ya hapo. Baada ya sadaka, kamba nyembamba hulazwa kwa pamoja, hunyooshwa na kusokotwa kuwa kamba nene ziitwazo q'eswaska, na kamba nene tatu husukwa kuwa moja. Wanaume hujipanga kama katika mchezo wa kuvutana na kuzikaza kwa nguvu zao zote.

Siku ya pili daraja kuukuu hukatwa na kuachiwa mtoni. Ni nyasi tupu, haliachi takataka yoyote. Kamba kuu nne za sakafu, pamoja na mbili za kushikia mikono, huvutwa kutoka ukingo hadi ukingo na kufungwa kwenye misingi ya mawe iliyojengwa pande zote mbili. Kuzikaza ni kazi ya saa nyingi, na kelele za kuhimizana hujaa korongo lote. Siku ya tatu ni ya mafundi, chakaruwak, ambao wamerithi ujuzi wao ndani ya familia. Mmoja huanza upande huu na mwingine upande wa pili, kila mmoja na kikosi chake, wakiketi juu ya kamba kuu huku miguu ikining'inia juu ya maji. Wanafunga kamba ndogo kutoka sakafuni hadi kwenye kamba za mikono ili kutengeneza kuta, wakisogea polepole hadi wakutane katikati. Mkeka wa fito hutandikwa juu ya sakafu na kazi huwa imekwisha. Siku ya nne ni ya ngoma, chakula na chicha.

Juni 2020

Tarehe 15 Machi 2020 serikali ya Peru ilitangaza hali ya dharura kwa sababu ya UVIKO-19 na kuwaamuru watu wabaki majumbani. Nchi hiyo ilipata pigo ambalo nchi chache zimelipata: hesabu rasmi ilipopitiwa upya mwishoni mwa Mei 2021, idadi ya vifo ilipanda hadi zaidi ya 180,000. Jamii nyingi za milimani zilifunga njia za kuingia vijijini mwao, kwa kuwa zilijua kuwa hospitali iko mbali na kwamba ugonjwa ungeletwa na watu waliokuwa wakirudi kutoka Lima na miji mingine, wengine kwa miguu.

Ukiitazama kazi ya daraja kwa jicho la mwaka ule, utaona kuwa karibu kila kipengele chake kilikuwa cha hatari. Mamia ya watu wa jamii nne hukusanyika mahali pamoja. Wanaume huvuta kamba bega kwa bega wakipiga kelele. Majani ya koka hupitishwa mkono kwa mkono, na chicha hunywewa kwa kupokezana chombo. Huwezi kuondoa ushirika huo ukabaki na sherehe ile ile, kwa sababu kukataa chombo unachopewa ni kumkataa anayekupa. Daraja halikufumwa.

Wapo watakaosema kwamba njia ya kati ilikuwapo. Mafundi wawili na vijana wachache wangeweza kukaza kamba zilizolegea, kubadilisha zile zilizooza na kulivusha daraja hadi mwaka uliofuata. Kiufundi hoja hiyo si dhaifu, maana ujuzi mgumu zaidi uko mikononi mwa wachache hao. Lakini ingezalisha daraja ambalo kaya nyingi hazikutia kamba, na hapo ndipo ninapotofautiana na wanaoliona kuwa ni mnara wa kumbukumbu unaopaswa kuokolewa kwa gharama yoyote. Daraja lililofumwa na kikosi cha mafundi lingewafaa wapiga picha. Kwa mwanajamii wa Choccayhua ambaye kamba yake haimo, lingekuwa ni daraja la watu wengine.

Kilichofuata kilikuwa suala la nyasi na maji. Mvua za Andes ya kusini huanza kukolea mwishoni mwa mwaka na kuendelea hadi Machi hivi. Nyasi iliyofumwa Juni huvumilia msimu mmoja wa mvua kwa kuwa bado ina nguvu zake. Iliyofumwa Juni 2019 iliingia katika msimu wa pili ikiwa tayari imechoka. Kamba iliyolowa huwa nzito, hivyo daraja lililooza lilikuwa pia likibeba uzito ulioongezeka wa kwake lenyewe. Kukatika kwake mwezi Machi, mvua zikielekea mwisho, kunaendana kabisa na tabia ya malighafi hiyo. Waliolifuma walijua tangu mwanzo kwamba nyasi haingoji, na ndiyo maana kalenda yao ina Juni moja kila mwaka wala haina mapumziko.

Juni 2021

Ufumaji wa 2021 ulikuwa na tofauti moja kubwa ya kiufundi. Katika mwaka wa kawaida daraja kuukuu ndilo msaidizi wa jipya, kwani watu hupita juu yake kuvusha kamba za kwanza kabla ya kulikata. Safari hii halikuwapo. Kila kamba ililazimika kuvushwa juu ya korongo tupu, na watu wa kingo mbili walilazimika kupatana kwa sauti na ishara bila ya kuwa na pa kukutania katikati. Jamii zote nne zilishiriki, na daraja likasimama.

Kwa nini liliwezekana? Maelezo ya haraka ni kwamba ujuzi haukupotea kwa mwaka mmoja, na hilo ni kweli, lakini halitoshi. Chakaruwak hasahau kufuma kwa kukaa miezi 24. Jambo lililokuwa na uwezekano wa kupotea ni mazoea ya kaya mamia kukata nyasi, kuponda, kuloweka na kusokota mita 70 bila ya malipo ya fedha, kwa ajili ya daraja ambalo lina mbadala karibu. Mazoea ya namna hiyo, yakikatizwa mahali pengine, huwa vigumu kuyarudisha, kwa maana watu hugundua kwamba hakuna kilichowapata walipoyaacha.

Hapa ndipo ninaporudi kwenye jembe la kukanyagia na majani matatu ya koka. Katika mwaka ule wa karantini viazi vililimwa. Kaya ziliendelea kudaiana siku za kazi, kwa kuwa bila ya hivyo pasingekuwa na chakula. Sadaka kwa milima ziliweza kuendelea majumbani. Wajibu wa kuleta kamba unatokana na shina lile lile, na shina hilo halikukauka. Mtu aliyekuwa akidaiwa na jirani zake kazi ya shamba mwezi Oktoba hakuhitaji kufundishwa upya mwezi Juni maana ya kudaiwa kamba. Desturi ya mwaka ilikuwa imelala juu ya desturi za kila siku, nazo zikaibeba.

Kuna jambo jingine ambalo halipimiki kirahisi lakini haliachiki. Kuanguka kwa daraja kulikuwa na maana kwa watu wanaoamini kwamba mlima hutoa na hudai. Mwaka mmoja haukulipwa, na kilichodaiwa kikachukuliwa. Huna haja ya kuamini hivyo ili uone jinsi imani hiyo inavyofanya kazi: haiachi nafasi ya kusema kwamba hakuna kilichotupata.

Wanawake na hesabu ya sifa

Uchambuzi huu utakuwa na upungufu kama hautasema lolote juu ya mgawanyo wa kazi. Kwa mujibu wa mila, wanawake hawashiriki kufuma juu ya korongo na hutakiwa kukaa mbali na daraja wakati kazi ikiendelea, kwa imani kwamba ukaribu wao unaweza kuleta ajali. Wao husokota q'eswa, nyumbani na juu ya ukingo. Picha zinazozunguka duniani ni za wanaume walioketi juu ya kamba, na sifa huwaendea chakaruwak. Lakini ukianza kuhesabu saa za kazi, utaanzia kwenye viganja vya wanawake, wiki kadhaa kabla ya mwanamume yeyote kuvuta kamba nene. Sisemi haya ili kuwasahihisha watu wa Canas kutoka mbali. Nasema kwa sababu kila maelezo yanayoifanya siku ya tatu kuwa ndiyo daraja yanawaondoa nusu ya wajenzi wake.

Wageni, vyeo na fedha

Mwaka 2009 serikali ya Peru iliutangaza ufumaji wa Q'eswachaka kuwa urithi wa utamaduni wa taifa, na Desemba 2013, katika kikao kilichofanyika Baku, UNESCO iliingiza maarifa, ujuzi na ibada za ufumaji huo katika Orodha Wakilishi ya Urithi wa Utamaduni Usioshikika. Maneno ya uamuzi huo yalichaguliwa vizuri, kwa kuwa kilichoorodheshwa ni ufumaji. Vyombo vingi vya habari vilivyoripoti Machi 2021 kwamba urithi wa dunia umeanguka havikulizingatia jambo hilo. Kilichoorodheshwa hakikuwa mtoni; kilikuwa Huinchiri na Ccollana Quehue, kikisubiri ugonjwa upungue. Uthibitisho wa hilo ulikuwapo hata kabla ya janga: mwaka 2015 wafumaji wa Q'eswachaka walialikwa Washington, katika tamasha la utamaduni la Smithsonian, taasisi ya makumbusho ya Marekani, wakafuma daraja la nyasi katikati ya mji mkuu wa Marekani.

Vyeo hivyo vimeleta watalii, viingilio na maofisa. Fedha si najisi, na hakuna sababu ya kuwataka wakulima wa kimo cha mita 3,700 wabaki maskini ili desturi yao ionekane safi. Hata hivyo, fedha zinaingia katika mfumo ambao sarafu yake ni siku ya kazi, na mifumo hii miwili haihesabu kwa namna moja. Ayni haikubali mtu kulipia kamba yake ili asifike, maana anayelipa anakuwa amemaliza deni, ilhali ayni inataka deni libaki likizunguka. Kadiri kiingilio kinavyokuwa kikubwa, ndivyo mkutano wa wanajamii unavyolazimika kujibu maswali ambayo wazee wao hawakuulizwa: nani agawiwe, kwa kigezo cha kamba au cha kaya, na aliyehamia Cusco lakini humtuma ndugu yake na kamba ahesabiwe vipi.

Swali hilo la mwisho ndilo linaloniwasha zaidi, kwa sababu janga la 2020 lilikuwa la ghafla na la muda, na kisa tulichokichambua kinathibitisha ustahimilivu wa aina hiyo tu. Hakithibitishi kwamba desturi itahimili vijana kuondoka mmoja mmoja kwenda Cusco, Arequipa na Lima, jambo ambalo halisimamishi ufumaji wa mwaka wowote lakini hupunguza idadi ya kamba zinazohesabiwa siku ya kwanza. Tangu 2021 ufumaji umerudi kwenye Juni yake. Anayetaka kujua hali yake asiangalie kama daraja lipo. Afike asubuhi ya siku ya kwanza, asimame mahali ambapo kamba zinapokelewa, na atazame ni kaya ngapi zimeleta ya kwao, na mikono iliyoisokota ina umri gani.